Sentensi na Jambo Lisemwalo

Mwanafunzi wa mkoa wa Kigoma aliyeandika katika daftari lake la jiografia, mwaka 2005, "Nyabibuye imo katika wilaya ya Kibondo," alistahili alama ya vema. Mwanafunzi wa leo aandikaye maneno hayo hayo, herufi kwa herufi, hustahili alama ya kosa. Maana mwaka 2012 wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na kata ya Nyabibuye ikaangukia upande wa Kakonko. Vilima havikusogea. Migomba haikung'olewa. Wala katika maneno yenyewe hakuna lililogeuka maana: wilaya ni wilaya, na "imo" ni "imo". Basi ni kitu gani kilichokuwa kweli zamani na leo si kweli?

Jawabu lililo karibu ni kwamba sentensi ile ilikuwa kweli, kisha ikageuka kuwa uongo. Watu wengi huridhika na jawabu hili wakaenda zao. Walakini lina ugumu ndani yake. Mwanafunzi wa 2005 hawezi kurudiwa leo akanyang'anywa alama yake. Alilolisema lilikuwa kweli, na ya kuwa lilikuwa kweli siku ile ni kweli hata sasa, na itakuwa kweli hata kama Kakonko nayo itamegwa mara saba. Mwanafunzi wa leo amesema jambo jingine kwa maneno ya mwenzake. Ikiwa sentensi ni moja na mambo yaliyosemwa ni mawili, basi sentensi na jambo lisemwalo haviwezi kuwa kitu kimoja, kama vile kibuyu kimoja kilichobeba maji asubuhi na maziwa jioni hakiwezi kuitwa maji wala maziwa.

Nchi ile ya vilima ina mifano mingine ya namna hii, iliyo mikubwa zaidi. Wabelgiji waliitwaa Kigoma kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakaitawala Buha mpaka mwaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Mzee wa Buha aliyesema mwaka 1918, "Nchi hii inatawaliwa na Wabelgiji," alisema kweli. Jirani yake aliyerudia maneno hayo mwaka 1922 alikosea. Na mtu aliyesimama ng'ambo ya mpaka, upande wa Urundi, akayatamka mwaka huo huo wa 1922, alisema kweli tena. Sentensi ni moja. Mwaka na mahali vimeamua ni nini kilichosemwa.

Kabla ya kwenda mbele yafaa majina ya vitu hivi viwili yawekwe sawa. Aristotle aliona zamani sana kwamba kila sentensi ina maana, lakini si kila sentensi yaweza kuwa kweli au uongo. Dua, kwa mfano, ina maana kamili, na hakuna amwambiaye mwombaji kwamba dua yake ni ya uongo. Wanazuoni wa balagha ya Kiarabu walipita njia iliyo karibu na hiyo walipotenga maneno yanayokubali kusadikishwa au kukadhibishwa, wakayaita khabari, na maneno ya amri, swali, ombi na mfano wa hayo wakayaweka upande wa pili. Neno hilo la kwanza ndilo Kiswahili kinalolitumia kila asubuhi katika kujuliana hali. Sentensi ya taarifa, basi, ni ile iliyoundwa kwa sura ya kutoa habari. Ina kiima na kiarifa, ina sauti ikitamkwa na wino ikiandikwa. Ni ya Kiswahili au ya Kirundi au ya Kiingereza. Yaweza kuwa ndefu, fupi, nzuri, au yenye makosa ya herufi. Jambo lisemwalo halina herufi hata moja. Hilo huaminiwa, hutiliwa shaka, hukanushwa, na hilo ndilo kweli au uongo. Wanamantiki wa Kiarabu waliliita kadhia, lakini katika Kiswahili neno kadhia limeshika njia nyingine, likawa tukio au shauri. Kwa hiyo makala haya yanaliita jambo lisemwalo, jina lisilo na fahari yoyote, lakini lisilompoteza msomaji.

Kama sentensi moja yaweza kubeba mambo mengi, kadhalika jambo moja laweza kubebwa na sentensi nyingi. Wilaya ya Kakonko inapakana na Burundi, na Kiha cha upande mmoja wa mpaka na Kirundi cha upande wa pili ni lugha za karibu sana, hata wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Mrundi akisema, "Imvura iragwa," na mwalimu mgeni kutoka pwani aliye chini ya mti huo huo akasema, "Mvua inanyesha," hawakusema mambo mawili. Kama wingu likipita bila tone hata moja wamekosea pamoja, na kama matone yanaanguka wamepata pamoja. Maneno ya sentensi zao si yale yale, na bado mtu hawezi kumkubali mmoja akamkataa mwenzake.

Hapa yupo mtu wa kukumbukwa, naye ni jirani wa nchi hizo. Padre Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu mwaka 1956 kuhusu falsafa ya kuwapo katika fikira za Wabantu wa Rwanda, akajenga hoja yake juu ya sarufi ya Kinyarwanda. Aliona kwamba kila kitu kilichopo chaingia chini ya maneno manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, mwenye Kiswahili huyasikia mara moja mtu, kitu na mahali, na la nne ni namna ya kuwa. Kazi ile ina heshima yake, na vijana wa vyuo wafanya vema kuisoma. Lakini wako waliotoka nayo wakidhani kwamba kila lugha ina mambo yake yasiyoweza kusemwa kwa lugha nyingine, na dhana hiyo haisimami. Kagame mwenyewe aliandika kwa Kifaransa. Msomaji asiyejua neno moja la Kinyarwanda aliweza kumkubali au kumpinga, na kumpinga mtu ni kulikataa jambo lile lile alilolisema. Umbo la kibuyu hutofautiana nchi na nchi, na fundi wa vibuyu ana haki ya kulichunguza; maziwa hayabadiliki kwa sababu ya shingo ya kibuyu.

Kiswahili chenyewe kina hazina kubwa katika jambo hili, pengine kuliko lugha walizozitumia wanafalsafa wa Ulaya. Mwingereza akitaka kuuliza kwa kawaida huhamisha maneno yake au huongeza mengine. Mswahili hahamishi kitu. "Mvua imenyesha" ni taarifa. Sauti ikipandishwa mwishoni, maneno yale yale, kwa mpango ule ule, ni swali. Aulizaye na ajibuye wameshika jambo moja. Mmoja ameliweka mbele ya mwenzake apate kujua kama ni kweli, na wa pili amelithibitisha. Gottlob Frege wa Jena alifanya kazi kubwa kuutenganisha ufahamu wa jambo na uthibitisho wake, hata mwaka 1879 akabuni mstari maalumu wa kuandikia kwamba sasa mwandishi anathibitisha, hafikirii tu. Mtoto wa Kibondo aufanya utengano huo kwa koo lake kabla ya kujua kusoma.

Na liko neno dogo "eti", au "ati" kwa wengine. "Eti mvua imenyesha Kasulu." Asemaye hivi amelibeba jambo zima bila kupunguza, walakini hakulitia sahihi yake. Likitokea kuwa uongo hawezi kushtakiwa. Kwa upande mwingine kuna sentensi zilizo na sura kamili ya taarifa ambazo hazithibitishi kitu. Mgonjwa aliyelala siku tatu bila kula huulizwa, "Hujambo?" naye hujibu, "Sijambo." Sura ya neno hilo ni ya kukana kwamba ana jambo. Mbona hakuna amwitaye mwongo? Kwa sababu wote wawili wajua kwamba lililopita kati yao ni heshima, na habari ya ugonjwa itafuata baadaye kwa sauti ya chini. Anayetafuta kweli na uongo katika umbo la sentensi peke yake angemhukumu mgonjwa yule, na angekuwa amekosa akili pamoja na adabu.

Tena kuna "kwamba" na "kuwa". Jambo lisemwalo linapotakiwa kutajwa bila kuthibitishwa, Kiswahili hulitanguliza kwa moja ya maneno haya: alidai kwamba ng'ombe ni wake, ilionekana kuwa ng'ombe ni wake. Neno la kwanza latokana na kitenzi cha zamani, amba, chenye maana ya kusema, ambacho kingali hai ndani ya kuambia na kuambiwa. La pili ni kitenzi cha kuwapo. Hivyo lugha imeweka milango miwili ya chumba kimoja, mlango wa kunena na mlango wa kuwa. Ugomvi mkubwa wa wanafalsafa juu ya jambo hili, kama jambo lisemwalo ni mali ya wasemaji au lipo lenyewe hata pasipo msemaji, umekaa kimya katika maneno ambayo watu huyabadilishana bila kufikiri. Haifai kudai kwamba sarufi imeumaliza ugomvi huo; hilo lingekuwa kosa lile lile la wafuasi wa Kagame. Yatosha kuuona.

Yote haya yangekuwa mchezo wa darasani kama watu wasingetumana maneno. Mtu yuko Kasulu, ampa mjumbe ujumbe kwa ndugu zake wa Nyabibuye: "Nitafika kesho." Mvua yaharibu njia, mjumbe afika baada ya siku mbili. Akiwa ni mtu wa kushika maneno, asiyeongeza wala kupunguza, atasimama mlangoni na kusema, "Amesema, nitafika kesho." Maneno ni yale yale yaliyotoka kinywani mwa mwenyewe, na watu wa nyumbani wamedanganywa, watapika chakula cha mgeni ambaye siku yake imekwisha kupita. Mjumbe mwaminifu hana budi kuyavunja maneno ili aliokoe jambo: "Amesema kwamba angefika jana." Uaminifu kwa sentensi na uaminifu kwa jambo ni vitu viwili, na safari nyingine mtu hawezi kuvishika vyote. Shahidi ajisifuye kwamba amerudia neno kwa neno aweza kuwa amesema uongo bila kugeuza hata silabi.

Mahakama zililijua hili kwa matendo kabla ya kulijua kwa nadharia. Kwa miaka mingi mzee wa Buha aliyefika mbele ya hakimu alitoa ushahidi kwa Kiha, mkalimani akauweka katika Kiswahili, na shauri likipanda ngazi, kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza; ilikuwa mwaka 2021 ndipo sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote za Tanzania. Jaji wa rufani alisoma karatasi ambayo shahidi hakuitamka sentensi yake hata moja. Na bado alimhesabu shahidi kuwa ameapa juu ya yaliyoandikwa humo, na kama ni uongo, adhabu ilikuwa juu ya shahidi. Kama kiapo kilikuwa juu ya sentensi, basi hapakuwa na kiapo. Kiapo kilikuwa juu ya jambo, na sheria ilichukulia kwamba jambo hilo limevuka mito miwili salama.

Je, lilivuka salama? Hapo ndipo shaka ya W. V. Quine, mwanafalsafa wa Marekani, inapostahili kusikilizwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya neno na kitu alikataa kabisa kwamba kuna mambo yasemwayo yaliyojificha nyuma ya sentensi. Kuna sentensi, alisema, na kuna watu wanaozikubali au kuzikataa. Na kati ya lugha mbili zaweza kutungwa tafsiri zaidi ya moja zinazopingana, na pasiwe na kitu chochote cha kuamua ipi ndiyo sahihi. Mwenye kumcheka Quine ajaribu kwanza kazi ya mkalimani. Shahidi amesema, "Ndugu yangu alimpiga." Kiingereza chadai kujua mpigaji ni mwanamume au mwanamke, na aliyepigwa vile vile, Kiswahili hakikusema. Chadai pia kujua kama ndugu ni wa tumbo moja, au mtoto wa baba mdogo, au mtu wa ukoo tu. Mkalimani aandikapo neno la Kiingereza la ndugu wa kiume wa kuzaliwa pamoja, amemwapisha mzee kwa mambo ambayo mzee hakuyasema.

Walakini mfano huu, ambao waonekana kumsaidia Quine, wamgeukia. Kosa la mkalimani laonekana kuwa ni kosa kwa sababu gani? Kwa sababu lipo alilolisema mzee, na lipo lililoandikwa, na la pili limezidi la kwanza. Asiyekubali kwamba kuna jambo lililosemwa hana mizani ya kupimia ziada hiyo. Yaweza kuwa mizani ni mbovu na mara nyingine sindano yake haitulii. Hilo ni jambo la kukiri. Lakini mfanyabiashara mwenye mizani mbovu hakatai kwamba mahindi yana uzito.

Palipo na hatari kubwa zaidi ni katika sentensi fupi kuliko zote: "Mimi ni Mtanzania." Nchi ya Buha imepokea wakimbizi wa Burundi kwa mawimbi, yale ya 1972, ya 1993 na ya 2015; kambi za Nyarugusu katika Kasulu, Nduta katika Kibondo na Mtendeli katika Kakonko zilijaa watu wasemao lugha ambayo sikio la mgeni haliwezi kuitenga na ya wenyeji. Wenyeji wa Kigoma wamelalamika hadharani mara nyingi kwamba hutiliwa shaka ya uraia kwa matamshi yao tu. Ukichunguza shaka hiyo utaona kwamba kosa lake ni la kimantiki kabla ya kuwa la haki. Watu wawili wamesema, "Mimi ni Mtanzania," kwa lafudhi moja. Sentensi ni moja, sauti ni moja. Mambo yaliyosemwa ni mawili, moja juu ya huyu na moja juu ya yule, na yaweza kuwa moja ni kweli na jingine uongo. Asikilizaye lafudhi ameipima sentensi. Jambo lenyewe bado halijaguswa, na haliwezi kuguswa kwa sikio hata liwe kali namna gani. Lataka kujua huyu ni nani, wazazi wake ni akina nani, na alizaliwa wapi.

Siku nayo ina sehemu yake. Mwaka 2014 wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Mtu mmoja katika hao aliyesema sentensi ile siku moja kabla ya uraia wake alisema uongo, au labda alisema tumaini. Siku ya pili yake alisema kweli. Ulimi ni ule ule, na mtu ni yule yule, mwenye miaka arobaini na miwili ya kuishi katika ardhi hii. Kilichobadilika ni kwamba wenye mamlaka walitamka sentensi nyingine, na sentensi hiyo haikuwa ya kuarifu. Haikuukuta uraia mahali fulani ikautangaza. Iliufanya. J. L. Austin wa Oxford alifundisha juu ya maneno ya namna hiyo, ambayo yana sura ya taarifa lakini kazi yake ni kutenda. Na hati ya uraia yaingia katika kundi hilo pamoja na talaka na hukumu. Baada ya tendo hilo ndipo panapokuwapo jambo la kuwa kweli.

Limebaki swali moja ambalo wenye kuyatetea mambo yasemwayo hawajalimaliza. Frege aliandika mwaka 1918 kwamba wazo likitimizwa kwa wakati wake na mahali pake, ni kweli milele au uongo milele. Ndivyo tarehe ilivyomwokoa mwanafunzi wa 2005. Kwa hesabu hiyo kila "leo" yaweza kubadilishwa kuwa tarehe, kila "hapa" kuwa jina la mahali, na kila "mimi" kuwa jina la mtu, na jambo libaki vile vile. John Perry, katika makala ya mwaka 1979, alionyesha kwamba "mimi" haikubali. Alisimulia jinsi alivyofuata dukani mchirizi wa sukari, akimtafuta mteja ambaye mfuko wake umetoboka, mpaka akatambua kwamba mteja huyo ni yeye mwenyewe.

Mfano wake waweza kuhamishiwa Kakonko bila shida. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na watu wake wakahamishiwa Nduta. Na ichukuliwe kwamba nambari za kadi za kaya zitakazopanda magari asubuhi zasomwa kwa kipaza sauti, na mtu mmoja azisikia zote vizuri, ila hajui nambari ya kadi yake, maana kadi imewekwa na mkewe. Amelisikia jambo, amelielewa, ameliamini, na ni kweli: kaya yenye nambari hiyo itaondoka kesho. Aweza hata kumweleza jirani bila kukosea. Wala hafungi mzigo. Kisha mkewe atoka ndani na kadi mkononi, amwambia, "Ni sisi," naye ainuka mara moja kutafuta kamba. Tarehe ilikuwa imetajwa, mahali palikuwa pametajwa, na kaya ilikuwa imetajwa kwa nambari isiyo ya kaya nyingine yoyote. Mwenye kusema kwamba mke hakuongeza jambo jipya lolote, aeleze ni nini kilichomwinua mume.